Mimbari Hailazwi

Gari liliinama upande wa kushoto polepole, kama mtu anayesinzia ibadani, na dereva akasema "aa-aa, aa-aa," kwa sauti ya kumkanya mtoto. Gari halikukanyika. Lilikuwa limeshateremka nusu ya ukingo wa mto mkavu, na nyuma yake ilisimama mimbari ya mti mgumu, ndefu kuliko mtu, ikipelekwa kwenye kanisa jipya ng'ambo ya nyika. Mimbari ilipoegemea, gari zima liliifuata.

Ilisimama kwa sababu fundi aliyeitengeneza alikataa kuilaza. "Mimbari hailazwi kifudifudi," alisema pale karakana asubuhi hiyo. "Wala chali. Utalazaje mahali Neno linaposimama?" Mshonaji, dada mkubwa wa mke wake, alimwambia kwamba hata maaskofu hulala. Wanaume wa kwaya walicheka. Fundi hakucheka.

Basi ikasimamishwa. Ili ipate nafasi, pipa la maji lilishushwa na kuachwa mlangoni mwa karakana. Ili isigonge matawi na nyaya za simu kwenye barabara kuu, dereva alichukua njia ya nyikani, ambako gari hupita siku likijisikia. Na ili isitikisike, fundi mwenyewe alipanda nyuma kuikumbatia. Hayo yote yalitokana na ukaidi wa mtu mmoja aliyependa kazi ya mikono yake kupita kiasi. Kwenye ubao wa mbele alikuwa amechonga herufi kubwa zilizoinuka, maneno yaliyochaguliwa na wazee wa kanisa: SI KWA NGUVU ZAKO. Nusu ya kwaya ya wanaume ilihema chini ya maneno hayo wakati wa kuipakia, na mshonaji alikuwa bado anajichekea walipoingia nyikani.

Sasa alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wa kiti, vumbi limejaa kinywani. Alipapasa mkoba wake, akapata mkasi wa kazi ambao hakuwahi kutoka nyumbani bila nao, akaukata mkanda. Dereva, ambaye mji mzima ulimwita Taratibu kwa mwendo wake, hakuwa amefunga mkanda wowote. Usukani ulikuwa umembonyeza kifua. Mshonaji alimkokota kwa makwapa kupitia kioo kilichovunjika mpaka kwenye kivuli cha ukingo.

"Shemeji!" aliita. "Shemeji, uko wapi?"

"Nipo," fundi alijibu kutoka nyuma ya gari. "Mguu ndio umebanwa. Mwangalie mwenzetu kwanza."

Mwenzao alikuwa anapumua kwa sauti ya maji. Alimshika mshonaji mkono. "Mama wa maombi," alisema, "niombee."

Kanisani kwao aliitwa hivyo kweli. Wagonjwa walimtuma mtu amwite kabla ya kumwita daktari, na akishika maombi watu waliokuwa na haraka waliangalia saa. Alimwekea dereva mkono kifuani akamwita Mungu kwa majina yake yote makubwa. Sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikaamuru uhai urudi. Alipofika Amina alifumbua macho, akakuta Taratibu amekufa, tena si sasa hivi. Alikuwa amekufa katikati ya maombi, naye mwombaji hakuwa na habari. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya maiti yeyote.

"Vipi?" aliuliza fundi.

"Ametangulia."

Fundi akasema, "Usijaribu kulisukuma gari. Chimba mchanga chini ya mguu."

Alichimba kwa kifuniko cha gurudumu, kisha kwa kucha. Mguu ulipolegea, fundi alitoa mlio mmoja mfupi akauma mkono wa shati lake. Chini ya goti mfupa ulikuwa umechungulia nje. Mshonaji aling'oa vinguzo viwili vya urembo ubavuni mwa mimbari, akavipanga pande mbili za mguu, kisha akatoa kitambaa cha mimbari alichokishona yeye mwenyewe, cha zambarau chenye tamvua za dhahabu, akakichana ukingo.

"Unachana kitambaa cha Bwana," alisema fundi.

"Bwana ana vingine. Tulia."

Simu hazikuwa na mtandao. Maji yalikuwa nusu dumu dogo ambalo dereva aliliweka chini ya kiti kwa ajili ya kuoshea kioo, na chai kidogo kwenye chupa. Mshonaji aliikodolea macho rejeta iliyokuwa inadondosha maji ya kijani mchangani, lakini fundi akatikisa kichwa. "Hayo yana dawa ya injini. Yatakuua kabla ya kiu."

"Watakuja kututafuta," alisema mshonaji. "Uliwaambia tunafika lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni Ijumaa. Basi wakiona kimya..."

Fundi aliangalia pembeni. Mshonaji akaelewa. Fundi yule alikuwa ameshawaahidi wale watu Ijumaa kadhaa, na kila Ijumaa hakuonekana, kwani ni fundi kama mafundi wengine. Kanisa lile jipya lingengoja kwa amani hadi Krismasi bila mtu kuinua kichwa. Na mkewe nyumbani alijua kwamba mume wake akienda kufunga kazi hulala huko mpaka aridhike. Hakuna aliyekuwa anawangoja kwa wasiwasi popote duniani.

Mshonaji alimfunika dereva kwa mawe. Jua lilipozama, fisi walikuja. Shemeji hao wawili walijibana ndani ya gari lililolala ubavu, wakaziba dirisha kwa kiti kilichong'oka, wakasikiliza mawe yakigongana. Kulipokucha mshonaji alitoka peke yake, akakaa huko kidogo, akarudi uso umebadilika.

"Usiangalie upande ule," alisema.

Fundi alikuwa amefikiri usiku kucha, na sasa alizungumza kama anayempa mteja bei ya mwisho. "Barabara mpya iko nyuma ya kilima kile. Taratibu alisema ukiwa juu unaona vumbi la mitambo. Chukua maji, nenda. Mimi nitangoja hapa."

"Utangoja na nani?"

Wote wawili walijua atangoja na nani.

"Mdogo wangu hatanilaumu kwa mimbari iliyovunjwa," alisema mshonaji. "Atanilaumu nikirudi na koti lako tu. Niambie hii mimbari inafunguliwaje."

"Niliitengeneza isifunguke."

"Shemeji."

Ilimchukua muda. Kisha akafumba macho akaanza kumwelekeza. Haikuwa na msumari hata mmoja. Nyuma, chini ya rafu ya Biblia, kulikuwa na vigingi vya mbao. Avigonge kutoka ndani kwa spana ya magurudumu, kwanza cha chini, kisha cha juu, asivigonge kwa hasira. Kila kigingi kilipotoka, uso wa fundi ulikunjamana kuliko alipofungwa mguu. Ubao wa mbele ulibaki na mbao mbili za ubavu zilizopinda kwa chini, na hizo zingeteleza juu ya mchanga. Mshonaji alikata mikanda yote ya viti, akaipanga maradufu, akaishona kwa sindano kubwa ya turubai kwa mshono wa kurudiarudia, ule anaowashonea wachukuzi wa sokoni. Kazi hiyo angalau aliiweza.

"Maandishi yakiwa chini yatakwama," alisema fundi. "Yaweke juu."

"Yatakuumiza mgongo. Nitandike kitambaa?"

"Kitambaa nifunike kichwa, jua litaniua. Ubao ni wangu. Naujua."

Akamlaza juu ya SI KWA NGUVU ZAKO, akavaa mikanda kifuani, akavuta.

Ubao haukusogea. Alivuta tena, akasema kwa sauti maneno aliyowafundisha akina mama wa kikundi chake, Bwana nitie nguvu, Bwana niinue, Bwana nenda mbele yangu. Ubao ulisogea kwa sababu fundi alisukuma ardhi kwa mikono. Hivyo ndivyo walivyoanza, mmoja akivuta na mwingine akipiga makasia mchangani, na mawe meusi ya nyika yakiwangoja mbele yao.

Siku hiyo ilikuwa ni kichaka hadi kichaka. Jua lilipopanda walijificha chini ya mgunga usio na kivuli cha maana, wakagawana maji ya kujaza kifuniko cha dumu, kisha jioni wakaendelea. Mikanda ilimchubua mshonaji mabega mpaka gauni likagandamana na ngozi. Kiatu kimoja kilifungua mdomo, akakishona, kikafungua tena, akakiacha. Alikuwa akiomba bila kukoma mwanzoni. Baadaye aliomba kwenye miinuko tu. Baadaye akasikia maneno yake mwenyewe yakitoka makavu, akaona ni kama anapiga simu iliyozimwa.

Hasira ilimjia. Alijiuliza juu ya wale wote aliowawekea mikono na wakaamka. Labda walikuwa wanaamka tu wenyewe, naye alikuwa mtu wa kelele aliyesimama karibu. Wazo hilo lilimwogopesha kuliko fisi, kwa sababu fisi wangeweza kutupiwa mawe.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza fundi. Sauti yake ilikuwa na homa.

"Naokoa mate."

Asubuhi iliyofuata dumu liliisha. Kwenye kona ya kijito kikavu mshonaji alichimba mpaka mkono ukazama begani, akapata mchanga wenye unyevu. Aliufunga ndani ya kipande cha kitambaa cha zambarau, akaukamua juu ya midomo ya fundi. Yalitoka matone ya rangi ya kutu. Alirudia mpaka vidole vikakataa kujikunja, kisha akajikamulia mwenyewe, akaishia kunyonya kitambaa. Mguu wa fundi ulikuwa umeanza kunuka. Wote walisikia harufu hiyo, na hakuna aliyeitaja.

Kilima walikipanda jua likiwa kali, maana hawakuwa tena na la kungojea. Alivuta akiwa amepiga magoti. Ubao ulirudi nyuma mara nyingi, na kila uliporudi fundi alisema "pole, shemeji," kana kwamba yeye ndiye aliyeuteremsha. Walipofika juu, alimgeuza fundi ili waangalie pamoja.

Barabara ilikuwepo. Ilinyooka mbali chini, nyekundu, imesawazishwa vizuri. Hakukuwa na vumbi. Hakukuwa na mtambo, wala mtu, wala moshi.

"Leo ni siku gani?" aliuliza mshonaji.

Fundi alihesabu kwa vidole. "Jumapili."

"Wamepumzika."

"Wako kanisani," alisema fundi. Mdomo wake ulipasuka katikati kwa kicheko. "Wako kanisani, shemeji. Wanamsikiliza mchungaji asiye na mimbari." Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamwacha mdogo na mwenye rangi ya majivu.

Mshonaji alivua mikanda, akakaa chini. Hakuamua kukaa. Miguu ilikaa yenyewe, naye akaenda nayo. Aliangalia mikono yake, akaona haimhusu.

"Nimeishiwa," alisema.

"Niache hapa."

"Nyamaza. Siwezi hata kukuacha."

Upepo uliwapitishia mchanga. Baadaye fundi akasema, "Basi omba."

"Siwezi. Maneno yote nimeyamaliza, na hakuna lililofika. Omba wewe."

Fundi hakuwa mtu wa kuomba mbele za watu. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na akiitwa kufunga ibada alijifanya anatafuta miwani. Sasa alisema, bila kufumba macho, "Bwana, huyu mwanamke amechoka. Mimi siwezi kumsaidia. Ndiyo hivyo."

Mshonaji alingoja. "Ndiyo maombi hayo?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Alitaka kumkaripia. Alilia badala yake, bila machozi, mabega yakitikisika chini ya damu iliyoganda. Alilia kwa sababu lilikuwa jambo la kweli la kwanza kusemwa kwa Mungu tangu gari lipinduke, na hakuwa yeye aliyelisema.

Kisha alikuwa amesimama. Hakusikia nguvu yoyote ikimshukia. Hakusikia joto wala sauti wala lolote ambalo watu hulitolea ushuhuda. Kiu ilikuwa ileile, maumivu yaleyale. Aliona tu mguu wake wa kulia umekwenda mbele, na ubao nyuma yake umekubali, na kwamba yeye asingeweza kuufanya mguu ule uende, kwa maana alikuwa ameshajaribu.

Hakuomba tena kufika barabarani. Alichagua kichaka akasema, "Kile tu." Alipokifikia alianguka, akakumbatia mizizi yake, akachagua kingine. Hakuna kichaka kilichokuwa rahisi kuliko kilichotangulia. Giza lilipoingia fundi alikuwa haongei, na mshonaji alimsemesha yeye na Mungu kwa maneno yaleyale, bila kujali nani anajibu. "Kile tu. Halafu tutaona."

Kulikuwa kunapambazuka miguu yake ilipogonga udongo laini uliorundikwa. Ulikuwa ukingo wa barabara, ukuta wa kifusi uliomfika kiunoni. Mtu mwenye afya angeuruka. Yeye aliuegemea kwa paji la uso. Alijaribu kuupandisha ubao, ukamrudia kifuani. Alijaribu tena, ukamwangusha. Basi akaokota fimbo, akaichomeka kwenye kifusi, akafunga kitambaa cha zambarau, akatambaa akaweka sikio mdomoni kwa fundi.

Hakusikia kitu.

"Shemeji," alisema. "Tumefika." Akamlalia kifuani ili fisi wakija waanzie kwake. Hakuwa na tumaini lolote, na asiseme mtu kwamba alikuwa nalo. Alikuwa tu hajamwachia.

Greda ndilo lililowaamsha, au lililomwamsha yeye. Dereva wake aliruka chini na kukimbia, kofia ya kazi ikimdondoka.

"Nilidhani ni bendera ya wapimaji," alikuwa anasema, anasema tu, kwa hofu. "Nikajiuliza mbona leo wameweka ya zambarau. Mama, kunywa. Polepole."

"Mpe yeye."

"Mama, huyu naona..."

"Mpe yeye!"

Dereva wa greda alilowanisha kidole, akakipitisha kwenye midomo ya fundi. Midomo haikusogea. Alikipitisha tena. Ulimi ukatoka, mweusi na uliovimba, ukatafuta kidole kile.

Hospitalini mguu wa fundi walimkatia juu ya goti. Mshonaji aliambiwa habari hiyo kwenye korido, akiwa amefungwa bandeji mabega yote mawili. Aliitikia kwa kichwa, akamwambia mdogo wake kwa simu mwenyewe. Mdogo wake alilia, akauliza lini, vipi, kwa nini hawakupita barabara kuu. Mshonaji alisema, "Atakueleza." Kwa mke wa Taratibu alikwenda mwenyewe alipoweza kutembea, akakaa naye sakafuni. Hakumwombea kwa sauti. Alikaa tu, na mwenye msiba hakumwachia mkono.

Kabla ya hapo, lakini, muuguzi alimwita wodini. Walikuwa wanamgeuza fundi kumbadilishia shuka.

"Mama, samahani," alisema muuguzi. "Nani amemwandika huyu mgongoni?"

Vidonda vilipangana kuanzia bega hadi bega, vingine vibichi, vingine vimeanza kukauka. Muuguzi hakuweza kuvisoma, kwa sababu herufi ziligeuka nyuma mbele. Lakini mshonaji maisha yake yote amesoma vitambaa kwa upande wa ndani. Alisoma neno la mwisho kwanza, kisha la kabla yake, mpaka la kwanza. Herufi zilikuwa zimezama ndani ya nyama kwa siku zote zile za mawe na kilima, kila alipouvuta ubao na kila uliporudi.

Alisubiri muuguzi aondoke.

"Kwa nini hukusema?"

Fundi alikuwa ameelekeza uso ukutani. "Ningesema, ungesimama kunitandikia kitu."

"Ningesimama, ndiyo. Si ni haki yako?"

"Ungesimama, usingeinuka tena."

Mshonaji alivuta kiti akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu amjue mtu huyu mkaidi hakuwa na la kumtania. Aliweka kiganja chake mgongoni pake, mahali pasipo na kidonda, akakiacha hapo.

Walipoweza kurudi kanisani, fundi alikuwa na magongo aliyojichongea, marefu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu hakutaka mtu mwingine ampime. Mchungaji aliwaita watu watulie. Alisema mama wa maombi ana ushuhuda mkubwa, na akina mama wa kikundi wakajiandaa kwa vigelegele, na wenye saa wakaangalia saa.

Alisimama mbele. Alizungusha macho kwa wale wote aliowahi kuwaombea, kisha kwa mwanamke aliyevaa nguo za msiba katika safu ya tatu, kisha kwa benchi la mwisho.

"Nilichoka," alisema. "Yeye hakuchoka." Alifungua mdomo aendelee, akaona hakuna kilichobaki. "Ndiyo hivyo."

Akaenda kukaa. Kanisa halikujua lipige makofi au lisubiri. Ndipo kule nyuma, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kusikika ibadani, ikasemwa Amina.